Umbeya, Siri na Kazi ya Riwaya

Katika mji mdogo kama Kileo, ulioko Wilaya ya Mwanga chini ya milima ya Upare, siri haina nyumba ya kukaa. Habari ya mtu huweza kufika sokoni kabla ya mwenyewe, na kila kinywa ipitamo huongezewa chumvi. Wahenga walinena kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Sisi twaiona methali hiyo kuwa nusu ya ukweli, kwani mara nyingi lisemwalo huletwa na kusemwa kwenyewe.

Tukitaka kulitazama jambo hili vizuri, yafaa tuisome tena Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1971. Mwandishi ameiweka Ukerewe, mbali na Upare, lakini yaliyomo yangeweza kutokea katika kijiji chetu chochote. Rosa aandikiwa barua na mvulana. Zakaria, baba yake, amwadhibu kwa kipigo kikali. Jambo ambalo lingezungumzwa kwa upole lageuzwa kuwa aibu, na binti ajifunza kuogopa badala ya kujifunza kujitunza. Awapo mbali na macho ya baba hana ngao, na mwisho wake ni kujiua.

Wako wanaoona kwamba kitabu cha namna hii ni umbeya ulioandikwa, na kwa muda kilipigwa marufuku shuleni. Sisi hatukubali. Mmbeya hutaja jina na kuficha sababu. Mwandishi hubuni jina na kufichua sababu. Mmbeya atatuambia kwamba fulani ameharibika, kisha aende zake. Kezilahabi atuuliza ni nani aliyemharibu, na kidole chake chaelekea nyumbani na shuleni. Baadaye kitabu kiliruhusiwa kusomeshwa, na hiyo ndiyo hukumu ya haki, kwani kumnyima mwanafunzi riwaya hiyo ni kumwachia mafunzo ya uchochoroni.

Hata hivyo twaona kasoro moja. Zakaria ametwikwa lawama nyingi, lakini majirani, ambao ndio wachukuzi wa maneno, hawahojiwi vya kutosha.

Na jambo hili si la vitabuni tu. Hadi Novemba 2021, msichana aliyepata mimba nchini mwetu hakuruhusiwa kurudi katika shule ya kawaida ya serikali baada ya kujifungua. Tangu hapo mlango umefunguliwa. Lakini amri ya serikali haifungi midomo ya watu. Binti arudipo darasani, minong'ono yaweza kumfukuza mara ya pili. Kwa hiyo mwalimu aisomeshapo riwaya hii asiishie kuuliza Rosa alikosa nini. Awaulize wanafunzi: waliomzunguka walijua nini, na kwa nini hawakumwambia yeye mwenyewe? Siri ya mtungi aijuaye kata. Asiyekuwa kata na aache kuusimulia mtungi.