Kuikagua Keki ya Kijiti, Iguhu

Keki ya kijiti, yaani kitonge cha keki iliyopondwa, kikachomekwa kijiti na kupakwa chokoleti, hukaguliwa kwa mkono kwanza, macho baadaye. Iinue. Kitonge cha gramu 25 hadi 30 kinatosha. Kikizidi hapo, kijiti hakikihimili. Kigeuze kichwa chini ukitikise polepole. Kikiteleza hata kidogo, kirudishe, hata kama kimepambwa kwa dhahabu.

Jambo ninalolisimamia ni moja: ndani iwe keki. Angie Dudley wa Atlanta, Marekani, aliyezitangaza keki hizi mwaka 2008, alianza kwa kuponda keki nzima na kuichanganya na kopo zima la krimu. Penye friji katika kila nyumba, sawa. Huku Iguhu, Kakamega, Krismasi huliwa uani, chini ya hema au kivuli cha mwembe, na jua la Desemba halina huruma. Vitonge vinawasubiri watu watoke ibadani, wasalimiane, wapige picha na wageni waliotoka Nairobi. Kitonge kilichojaa krimu kitakuwa kimelegea kabla chakula hakijaombewa.

Krimu iwe ya kushikisha makombo, basi. Fundi anayejua kazi yake huyabana makombo ndani ya ngumi: yakishikana, na yakavunjika anapoyasukuma kwa kidole gumba, yametosha. Yakiacha mafuta kiganjani, krimu imezidi. Wewe mlaji utalijua hilo kwa jino. Ukiing'ata, uzione chembe za keki na usikie ladha ya mayai na siagi. Ukikuta uji mzito wenye sukari, ujue kuna keki mbaya iliyofichwa humo.

Na keki yenyewe? Wengi huku huioka kwa jiko la makaa: sufuria kubwa yenye mchanga au kokoto chini, bati la keki ndani yake, mfuniko, kisha makaa machache juu ya mfuniko. Keki ya namna hii inaweza kuwa tamu kushinda ya oveni, lakini moto wake hauna kipimo, na ukoko wa chini hukauka na kubeba harufu ya moshi. Ukoko huo lazima ukatwe wote kabla keki haijapondwa. Kwa hiyo tafuta vidoa vya kahawia ndani ya kitonge. Kila kidoa ni ukoko ambao mpishi aliona uchungu kuutupa. Mimi hapo ndipo ninapomtambua fundi, kuliko kwenye pambo lolote.

Ganda la chokoleti liwe jembamba na livunjike kwa mlio mdogo. Nyufa hutokea kitonge baridi sana kinapochovywa kwenye chokoleti ya moto: kikipata joto hutanuka, na ganda halina pa kwenda. Madoa meupe yanaonyesha kwamba chokoleti haikupozwa vizuri au ilipata joto ikaganda tena. Hayadhuru mwili, ila yanaonyesha haraka ya mpishi. Chokoleti halisi huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 30 na kitu, na safari ya bodaboda kutoka Kakamega mjini inaweza kuifikisha huko. Siwalaumu wanaotumia ile ya kupikia yenye mafuta ya mimea, ambayo huvumilia zaidi, mradi isiache utando wa mafuta ulimini.

Tazama pia shingo, pale kijiti kinapoingia. Ncha ya kijiti huchovywa kwanza kwenye chokoleti, kisha husukumwa hadi katikati ya kitonge bila kutokeza upande wa pili. Ukiona tundu wazi hapo, hatua hiyo imerukwa.

Rangi nyekundu na kijani ndizo za msimu, lakini nyekundu iliyokolea sana huacha uchungu mdomoni. Ganda lenye mabonge lilitiwa rangi ya maji: tone moja la maji huifanya chokoleti iliyoyeyuka ishikane na kuwa nzito. Ukiniuliza pambo ninalolipenda, nitakutajia njugu karanga zilizokaangwa na kupondwa, au simsim. Zinapatikana sokoni, zinanukia, na zinaipunguza sukari makali. Ila waambie wazazi kuna njugu, maana wapo watoto wanaodhurika nazo.

Vijiti vya mishikaki ninavikataa vikiwa na ncha kali. Mtoto atacheza ngoma ya isukuti na kijiti mkononi. Ncha ikatwe.

Kwa kinara, kipande cha shina la mgomba kinashinda boksi: ni kizito, hakipinduki, na kijiti huingia bila kulazimishwa. Kifunikwe vizuri kwa karatasi ya foili, kwa sababu utomvu wake ukigusa nguo za Krismasi hautoki.

Unapoagiza, uliza vitonge vitapakwa chokoleti lini. Keki iokwe siku moja kabla, na ganda lipakwe asubuhi ya sherehe. Kisha, kabla hujalipa, omba kimoja kikatwe katikati mbele yako.