Zimwi la Mpira na Mgonjwa Asiye na Jina

Mwaka wa kwanza tulifundishwa kutenganisha fani na maudhui, kuyachunguza kila moja peke yake, kisha kuyarudisha pamoja. Kwenye riwaya na tamthilia nimeweza, angalau kwa kiwango cha kufaulu mtihani. Zoezi hilo limenishinda kwenye filamu za kutisha za bunilizi ya kisayansi, hasa zile zinazotengenezwa kwa fedha kidogo. Wasomaji wenzangu mnazijua. Mtaalamu aliyevaa koti jeupe anavunja chupa maabarani, au chombo kinaanguka kutoka angani, na nusu saa haijapita wafu wanatembea barabarani. Ukianza na fani utacheka. Zimwi ni la mpira, damu ina rangi ya juisi, na mtu aliyekufa mwanzoni anaonekana tena baadaye akipita nyuma kwa sababu waigizaji hawakutosha.

Nazipenda. Kuna kosa moja ambalo siwezi kuzisamehe, lakini si la zimwi la mpira.

Nilikulia Vurra, jirani na barabara inayoteremka kuelekea forodhani, ambapo ukivuka tu uko Kongo. Kibanda cha video cha kwetu kilikuwa na kuta za matete, paa la mabati, mabenchi ya mbao, televisheni moja, spika mbili kubwa kuliko televisheni yenyewe, na jenereta iliyonguruma nje. Kiingilio kilikuwa shilingi 500. Wasichana hawakutarajiwa mle ndani. Mimi niliingia kwa sababu kaka yangu ndiye aliyetia petroli kwenye jenereta, na mwenye kibanda aliona haya kumfukuza dada wa fundi wake. Hatukujua majina ya filamu. Diski moja ilibeba filamu nane na kila moja tuliipa jina letu. Miaka mingi baadaye, kwenye simu, niligundua kwamba ile tuliyoiita "Nyoka wa Daktari" ni Anaconda 3 ya mwaka 2008, iliyopigwa Romania kwa ajili ya televisheni, na ile ya papa wanaonyesha kama mvua ni Sharknado ya mwaka 2013.

Aliyezifanya ziwe filamu kweli alikuwa mtafsiri. Uganda nzima inawajua watu hawa kwa jina la VJ, na Kampala wapo mabingwa kama VJ Jingo, wanaotafsiri kwa Kiganda. Wa kwetu hakuwa bingwa wa popote. Alishika maikrofoni iliyokwaruza na kuchanganya Kilugbara na Kiswahili kile cha mpakani ambacho wahadhiri wetu wangekipiga mistari myekundu. Mfu alipoinuka kaburini alisema: "Huyu nakufa zamani, lakini njaa yake haikukufa!" Banda zima liliangua kicheko, na bado tuliogopa. Sikuwahi kuona kicheko na hofu vikikaa benchi moja hivyo kwenye filamu ya fedha nyingi. Filamu ya fedha nyingi inakufanyia kila kitu. Nyoka wake ana magamba yanayong'aa, anapumua, na wewe huna kazi ila kukaa kimya. Nyoka wa Romania anateleza juu ya majani bila kuyagusa, kwa hiyo lazima mtu amsaidie. Mtafsiri alimsaidia kwa sauti, sisi kwa mayowe.

Nadhani hilo ndilo linalovutia watu Wakaliga, Kampala, kwenye studio ya Isaac Nabwana wanayoiita Wakaliwood. Who Killed Captain Alex?, iliyovuma kuanzia mwaka 2010, ni ya mapigano, si ya kutisha, lakini somo ni lilelile. Inasemekana iligharimu chini ya dola 200. Bunduki zilitengenezwa kwa vyuma chakavu, damu ilitiwa ndani ya kondomu ili ipasuke, helikopta zilichorwa kwenye kompyuta iliyoungwaungwa. Nakala ya awali ilifutwa ili kompyuta ipate nafasi ya filamu iliyofuata, na iliyobaki ni ile yenye sauti ya VJ Emmie akishangilia juu ya kila risasi. Mhakiki atatenganishaje fani hapo? Sauti ya mtafsiri sasa ni sehemu ya matini.

Na kutisha hakuhitaji fedha hata kidogo. John Middleton, aliyeishi kwetu miaka ya 1949 hadi 1952 akichunguza dini ya Walugbara, aliandika habari za Adro, roho akaaye kwenye vijito na vichaka. Ana mwili nusu, kama aliyepasuliwa katikati: jicho moja, mkono mmoja, mguu mmoja wa kurukia. Bibi yangu hakumsoma Middleton, lakini hakutaka tuchote maji magharibi ikishaingia. Mtu nusu hana gharama yoyote, na mimi hadi leo sipendi kusikia kitu kikiruka majini usiku.

Kwa hiyo anayezihukumu filamu hizi kwa uduni wa vifaa amekosea mlango. Tuchukue Night of the Living Dead ya George Romero, ya mwaka 1968. Iligharimu takriban dola 114,000, fedha ndogo mno kwa sinema ya Marekani hata wakati ule. Damu ni sharubati ya chokoleti. Kwa kuwa picha ni nyeusi na nyeupe hakuna anayejua. Sayansi yake ni sentensi chache kwenye televisheni, kwamba huenda chombo kilichorudi kutoka Zuhura kimeleta mnururisho unaofufua maiti. Basi. Mandhari ni nyumba moja ya shamba. Wasambazaji walipobadilisha jina la filamu walisahau kuweka alama ya hakimiliki, ikawa mali ya umma, na ndiyo maana inakutwa kwenye kila diski duniani, pamoja na ya kibandani kwetu. Kwenye shamba lile wamo watu saba, mbao za kuzibia madirisha, na ugomvi kuhusu kama ni heri kukaa juu au kujificha chini. Inatisha kuliko papa wote wa angani.

Sasa nieleze kosa, na hapa sitasimama mbali kama mhakiki.

Mwaka 2019 nilikuwa kidato cha pili. Ebola ilikuwa imetangazwa Kivu Kaskazini mnamo Agosti 2018 na ikawa inapanda Ituri. Forodhani Vurra paliwekwa madumu ya maji ya klorini na wahudumu wenye vipimajoto vya kuelekeza kwenye paji la uso kama bastola. Katikati ya mwaka habari ilifika kwamba mgonjwa amethibitishwa Ariwara, sokoni kabisa, mahali mama zetu walipokwenda kununua na kuuza. Wakati huohuo kibanda kilijaa kuliko kawaida. Mwenye kibanda alijua anachofanya: kila jioni ilikuwa virusi, maabara, wafu. Mtafsiri alikuwa na msemo ambao sote tuliuitikia, "Piga kichwa!", kila mgonjwa alipoanza kutetemeka na macho kugeuka.

Siku moja tukitoka shule tulimwona mwanamume akiwa ameketi peke yake chini ya mwembe karibu na forodha. Kipimajoto kilikuwa kimelia kwake. Wasafiri wengine walikuwa wamejitenga, naye alikuwa anasubiri gari, akitetemeka, kichwa kati ya magoti. Kijana mmoja kati yetu alisema "zombi". Mwingine akaitikia "piga kichwa". Na mimi, msichana pekee wa kibandani, niliyetaka wavulana wasisahau kwamba nami nimo, nilisema kwa sauti kubwa kuliko wote. Yule mtu aliinua kichwa. Nilimfahamu. Alikuwa akimletea mama yangu unga wa muhogo.

Ilikuwa malaria. Baada ya wiki mbili alirudi na magunia yake, akanisalimia kwa jina na kuuliza habari za shule. Nilijibu nikiangalia chini. Hakusema neno lolote kuhusu siku ile.

Sidai kwamba filamu ndiyo iliyonifungua mdomo. Mdomo ni wangu. Ninachosema ni kwamba filamu ilinipa maneno yakiwa tayari, na uhakiki hauna budi kuuliza yalitoka wapi. Katika filamu nyingi za aina hii kitu cha bei rahisi kuliko vyote si zimwi wala damu, ni mgonjwa. Mhusika anayeambukizwa kwanza hana jina, hana mama, hana kazi aliyokuwa akiifanya asubuhi. Dakika moja anakohoa, ya pili anauma, ya tatu anapigwa risasi na watazamaji wanashangilia. Mtunzi anakwepa huzuni kwa sababu huzuni inataka muda, na muda wa kamera ni fedha. Lakini tumeona kwamba penye uduni wa vifaa mtazamaji husaidia. Penye uduni huu pia anasaidia: anajaza nafasi ya mgonjwa kwa mtu yeyote aliye karibu.

Romero alikuwa na fedha kidogo lakini hapa alilipa. Mgonjwa wake anaitwa Karen, mtoto wa Harry na Helen Cooper, amelazwa mezani chumba cha chini, na mama yake yuko kando yake. Tunajua ameumwa muda mrefu kabla wao hawajakubali. Anapoinuka na kumwua mama yake kwa mwiko wa bustani, mama hajitetei, kwa kuwa anamwona mwanawe. Kibandani kwetu mtafsiri alinyamaza kwenye onyesho lile. Nakumbuka vizuri, kwa maana kunyamaza hakukuwa kazi yake. Halafu kuna mwisho: Ben, mhusika mkuu, mtu mweusi aliyechezwa na Duane Jones, anaokoka usiku mzima, kisha asubuhi kikosi cha wawindaji kinamwona dirishani kwa mbali, kinamdhania mfu, na kumpiga kichwani. Ile "piga kichwa" yetu iko hapo, na filamu inatuonyesha aliyepigwa ni nani.

Rafiki yangu mmoja darasani anasema ninazitwika filamu hizi mzigo usiozihusu, kwamba zombi ni mchezo na watu huja kucheka. Kweli watu huja kucheka. Lakini Pumzi ya Wanuri Kahiu wa Kenya, ya mwaka 2009, ina dakika zipatazo ishirini tu, nayo inampa Asha jina, kazi ya makumbusho na mche mmoja wa kuulinda jangwani kwenye dunia isiyo na maji. Si ya kutisha, na haina mtafsiri wa kutuchekesha. Anapolala chini kuukinga mche ule kwa mwili wake, unajua nani amelala. Dakika zake ni chache, lakini zinatosha.

Muhula uliopita wenzangu wa bweni walitengeneza filamu kwa simu. Maabara ilikuwa jiko letu, virusi vilikuwa kwenye sufuria, damu ilikuwa sosi ya nyanya. Waliniomba niandike mazungumzo. Niliandika kwamba mgonjwa wa kwanza anampigia mama yake simu na kumdanganya kwamba yuko salama. Walikataa, eti inachelewesha mapigano. Tulibishana hadi saa nne za usiku, na wakakubali kwa sharti kwamba mama niigize mwenyewe. Nilifunga kitenge, nikashika simu, nikasema maneno yangu. Picha imetoka na giza na sauti yangu haisikiki vizuri kwa sababu jirani aliwasha redio. Nimewaomba turudie, lakini aliyecheza mgonjwa amekwenda nyumbani Koboko kwa likizo, na nywele zake, anasema, amekwisha kuzinyoa.