Tumbo la Nani?

Msibani Mzenga, wilayani Kisarawe, nilikaa mkekani karibu na bibi aliyekuwa akichambua mchele. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha bila kuinua macho kutoka kwenye ungo akauliza, "Mama yako ni tumbo la nani?"

Nikamtajia baba. Akatikisa kichwa taratibu, akatupa chuya pembeni. "Huyo tutamfikia. Nimekuuliza mama."

Nikamtaja mama, akamtaka mama yake mama. Nikamtaja, akataka ndugu zake wa kike, kuanzia mkubwa. Wawili niliwajua. Wa tatu alinitajia yeye, akaniambia aliolewa Soga, upande wa Kibaha, na kwamba mjomba aliyesimamia ndoa ile alizikwa chini ya mwembe ambao siku hizi uko ndani ya kiwanja cha mtu. Mimi na bibi huyu tulikuwa hatujawahi kuonana. Alipofika hapo akasogea kidogo, akanisukumia upande mmoja wa ungo. "Basi mimi ni bibi yako. Chambua."

Tangu siku hiyo namfuata kila nikipata nafasi, nimuone akifanya kazi. Maana ni kazi, yenye utaratibu wake kama useremala. Hakariri kitu. Anauliza, halafu anasikiliza mahali unapositasita, kwa sababu penye kusita ndipo jina limepotea. Likipotea jina analitafuta kwa kaburi. Kaburi lisipojulikana, anauliza marehemu alitambikiwa wapi na nani alishika shughuli. Hilo nalo likigoma, anauliza mlikaa wapi kabla ya Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, pale watu walipoacha mashamba na makaburi ya wazee wao wakahamishiwa kando ya barabara. Nimemwona akisubiri kimya karibu nusu saa mzee mmoja akumbuke jina la shangazi, na wala hakumsaidia neno, asije akamtia jina lisilo lake.

Kwa Wazaramo, kama kwa jirani zao Wakwere, Wakutu na Waluguru, damu ya ukoo hupita kwa mwanamke. Watoto wa dada ni wa ukoo wako, watoto wa kaka ni wa ukoo wa mama yao. Ndiyo maana mjomba alikuwa na sauti nzito katika mambo ya wapwa zake. Baba hakuachwa nje: kwake mtoto hupokea jina la mtala, linalomfunga na upande wa kuumeni. Kwa hiyo kila mtu ana nyuzi mbili, na fundi wa ukoo lazima azishike zote bila kuzikoroga. Uislamu ulikuja na mirathi inayoelemea upande wa baba, shule zikaja na jina la baba kwenye daftari, na bado bibi huanzia tumboni.

Nikimsikiliza huwa nawakumbuka Wasomali, mafundi wakubwa wa hesabu hii. Mtoto wa Kisomali hufundishwa abtirsi: jina lake, la baba, la babu, la baba wa babu, akipanda hivyo vizazi vingi hadi kwa mkuu wa kabila, awe Darod, Hawiye, Dir au Isaaq. Ukoo wao unasimama kama mnazi, shina moja, na kila pingili ina jina la mwanamume. Ukoo wa bibi wa Mzenga ni mmea wa boga: unatambaa chini, unaotesha mizizi kila unapogusa udongo, na ukitaka kuujua ulikoanzia lazima uinamishe mgongo uufuate jani kwa jani. Namheshimu apandaye mnazi. Lakini kuinama shambani kutwa nzima kunataka subira ya namna nyingine.

Na hesabu hizi mbili zilikutana. Karne ya 19, watu wa pwani yetu na bara yake waliuzwa utumwani kaskazini, wengine wakaishia bonde la mto Juba, kwa Wasomali. Huko vizazi vyao viliendelea kujitambua kwa majina ya walikotoka: Wazigua, Wazaramo, Wayao, Wamakua. Vita vilipozuka Somalia mwaka 1991, baadhi ya hao Wazigua wakarudi, wakapokewa Handeni, na walikuja na Kizigua chao mdomoni. Vizazi vilikuwa vimekaa na swali la "tumbo la nani" kwa zaidi ya miaka 100 bila wa kumuuliza.

Wanaume wa kwetu, wakiulizwa asili, hupenda kuanzia kwa Pazi Kilama, shujaa ambaye simulizi inasema alishuka kutoka bara akawasaidia Washomvi wa pwani kuwafukuza Wakamba. Bibi anamheshimu Pazi. Ila haanzii kwake.

Siku moja aliniletea kitu kimefungwa kwenye kipande cha kanga. Mwana hiti. Kigogo kidogo kinachoenea kiganjani, mviringo, hakina mikono wala miguu. Vimatiti viwili, kitovu, na juu kichwa chenye nywele zilizogawanywa na mfereji katikati kama vilima viwili. Mwali akiwekwa ndani hukabidhiwa mwana hiti na wanawake wa kwao, akamwosha, akampaka mafuta ya nyonyo, akamlea kama mwanawe. Tezo ilimaliza kazi yake zamani. Mng'ao ule ni wa viganja vya wasichana. Nilipitisha kidole kwenye ule mfereji nikaukuta umelainika kuliko mahali pengine pote. Wako wenzake wengi kwenye makabati ya vioo Ulaya, na kibao kinasema ni mti, ni wa Wazaramo. Tumbo la nani, hakisemi. Huyu wetu, bibi alinitajia wanawake watano waliomlea, wa kwanza hadi wa mwisho.

Alipofika wa nne alikwama. Akafumba macho, kidole kikiwa juu ya kitovu cha mwana hiti. Mjukuu wake, binti wa miaka kama 12 aliyekuwa akikwangua sufuria nje ya mlango, akalitamka lile jina bila kugeuka.

"Ehe," bibi akasema. "Na huyo alimzaa nani?"