Steringi Hafi Gizani

Mpwa wangu anafanyia kazi chumbani kwake, Mbagala Rangi Tatu. Godoro limesimamishwa ukutani kuzuia makelele ya bodaboda, dirisha limezibwa kwa blanketi, feni imezimwa kwa sababu inavuma. Kazi yenyewe ni kutafsiri sizoni za Kikorea. Anakaa kifua wazi mbele ya kompyuta, kipaza sauti amekivisha soksi nyeusi, jasho linamchirizika mpaka kiunoni, na kwa saa nzima yeye peke yake ndiye mama mkwe, ndiye bosi wa kampuni, ndiye binti maskini, ndiye daktari. Mbwa akitokea, ndiye mbwa.

"Mjomba, usikohoe," aliniambia nilipoingia. Nikageuza ndoo, nikakaa.

Mimi ni mtu wa televisheni. Wenzangu wana mpira, wana bao, wana kahawa ya kijiweni; mimi niwekee picha inayotembea, hata liwe tangazo la sabuni, nitatulia. Mke wangu husema Izraili akija kunichukua nitamwomba asubiri sehemu iishe. Kwa hiyo sikwenda Mbagala kumjulia hali mpwa wangu, ingawa ndivyo nilivyomwambia dada. Nilikwenda kuona kazi.

Na kijana anajua. Mama mkwe wa Kikorea alipoinua kikombe cha chai, akakirudisha mezani bila kunywa, mpwa wangu hakusema alichosema yule mama. Alisema, "Hee! Mwanangu hakuniletea mke, kaniletea mtihani." Nilicheka nikaharibu rekodi, ikabidi arudie. Aliporudia, maneno hayakuwa yale yale. "Mwanangu mwenyewe hajui kufua soksi, leo anajua kuchagua mke?" Sikumwambia, lakini moyoni nilisema: huyu kairithi damu, maana kamba hii naijua ilikofungwa.

Sisi wa Tanzania Bara tulikuwa na televisheni kabla ya kuwa na kituo cha televisheni. Zanzibar walikuwa na TVZ yao, tena ya rangi, tangu miaka ya 1970. Huku kwetu hadi 1994, ukiwaacha waliokaa mpakani wakidaka mawimbi ya jirani, seti iliyoingia nyumbani iliingia kwa ajili ya deki. Na ambaye hakuwa na deki, yaani karibu kila mtu niliyemjua, alikwenda kibanda umiza.

Cha kwetu kilikuwa Mwanjelwa, Mbeya, nyuma ya wauza mitumba: mabanzi, turubai, benchi za mbao ambazo hazikupigwa randa. Aliyekibatiza jina hilo bila shaka alikuwa ametoka kukaa juu ya benchi hizo. Mwezi wa sita, baridi ya Mbeya inapokuwa haina utani, tulibanana mle mpaka turubai linatoa jasho. Mbele kulikuwa na TV ya chogo ya inchi ishirini na moja, na pembeni yake, kwenye kigoda, alikaa mtafsiri.

Mchana alishona viatu. Alikuwa mwembamba, na koti lake la mtumba lilimpwaya mabegani. Hakuitazama picha moja kwa moja. Alikaa ubavu, jicho moja kwenye kioo na jingine kwetu, mkono wa kulia umeshika kipaza sauti kilichounganishwa na radio kaseti, wa kushoto uko kwenye kitufe cha sauti cha TV. Mkono ule wa kushoto ndio uliokuwa na elimu yote. Steringi akifungua kinywa, kitufe kinashuka, yeye anaongea. Ngumi ikianza safari, kitufe kinapanda kabla haijafika, kiasi kwamba ngumi ilitua na mlio wake wote na yeye tayari kanyamaza. Sijapata kumsikia akiongea juu ya risasi. Wala sisi hatukuthubutu.

Kiingereza chake kilikuwa cha darasa la saba. Kichina hakuwa nacho hata cha kuombea maji, na picha za Hong Kong ndizo alizozifanya vizuri kuliko zote. Mkanda ulipofika alikaa nao usiku kucha, akiutazama mara tatu, mara ya mwisho sauti ikiwa imefungwa kabisa. Ndipo alipowapa watu majina. Kwenye *Commando*, ile ya 1985, Schwarzenegger alibaki Anodi, maana huyo alikuwa mtu wa kwetu. Lakini yule adui mwenye masharubu na kizibao cha minyororo ya chuma alimwita Konda. Hakueleza sababu. Kila aliyewahi kudaiwa nauli mara mbili kwenye daladala alielewa. Yule dada mhudumu wa ndege anayelazimishwa kumsaidia steringi, tangu dakika aliyotokea, aliitwa Shemeji, na ukumbi mzima ukaanza kumheshimu.

Siku ya picha hiyo umeme ulikatika. Anodi alikuwa ameshafika kisiwani kwa maadui, anajipaka masizi usoni, anafunga visu na bunduki mwilini, kimoja baada ya kingine. Tukabaki na giza, na harufu ya sweta zenye moshi. Radio nayo ilikuwa imezimika. Mtu akaanza kupiga mluzi wa kudai kiingilio chake.

"Anodi huyooo," sauti ikasema gizani, bila kipaza sauti, taratibu. "Anapanda."

Mluzi ukakatika. Mwenye kibanda aliwasha kibatari, tukamzomea akakizima.

Alitusimulia vita nzima. Bunduki alizipiga kwa mdomo, na kila bunduki ilikuwa na mlio wake. Mtoto wa Anodi akatoboa ukuta wa chumba alichofungiwa, akakimbilia chini kwenye mitambo. Jambo hilo baadaye nilikuja kuthibitisha kwamba ni kweli limo. Lakini Konda alipozidiwa, akapiga magoti. Akasema ana mama yake Tukuyu, anauza ndizi, hana mwingine wa kumtazama. Akamwomba Anodi msamaha. Mtafsiri akanyamaza. Tulisikia lori likipanda mlima kuelekea Tunduma, likabadilisha gia, likapotea.

"Jamani," akatuuliza, "tumsamehe?"

Kukawa na mjadala, tena mzito. Wengine walisema mama hana kosa. Mzee mmoja mbeba mizigo, ambaye sikumbuki kama niliwahi kumsikia akiongea siku nyingine yoyote, alisema mwizi wa mtoto hana mama. Ikapita hiyo. Konda akafa. Tulitoka nje kwenye baridi, umeme haujarudi, na hakuna aliyekumbuka tena kudai kiingilio.

Miaka mingi baadaye niliinunua picha ile, safi, haina chenga, nikaitazama sebuleni na biskuti zangu. Konda anachomwa bomba kifuani, mvuke unatoka kwa mbele, Anodi anatoa kijembe kimoja, basi. Hapigi magoti. Hasemi lolote kuhusu mama yake. Nilijikuta nauliza kwa sauti: sasa na yule bibi wa Tukuyu? Mke wangu akaja kuona naongea na nani.

Baadaye sauti za watafsiri zikaingia ndani ya mkanda wenyewe. Lufufu, yaani Derek Mukandala, ndiye aliyeivusha sanaa hii kutoka vibandani hadi majumbani, na kuna watu wazima leo ambao hawaamini kwamba watu wa Hollywood hawakuongea kwa sauti yake. Kampala wana VJ wao, Kenya wana DJ Afro. Ni ukoo mmoja. Wenye haki za picha hawakupata senti ya vibanda hivyo, najua, na siwezi kuwatetea watu wetu mbele ya hakimu. Ila hakimu mwenyewe, akiwa wa umri wangu, alikaa kwenye benchi zile.

Siku hizi vituo vyetu vinaleta tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti kwa Kiswahili, na kazi ni safi: kila mhusika na mwigizaji wake, midomo karibu inalingana. Wanaongea Kiswahili cha taarifa ya habari. Mwanamke kaibiwa mume, bado anapatanisha ngeli vizuri. Nazitazama, mimi nani nisizitazame, lakini hakuna aliyekaa nami. Hakuna wa kuniambia "mwangalie huyo, hajui kinachomngoja mlangoni." Na zile video fupi za simuni ndizo mbaya zaidi: kompyuta inasimulia picha nzima kwa dakika tatu, inasema "akamuua mdogo wake" kwa sauti ya kusoma bei ya saruji. Watoto wanasikiliza hivyo hivyo, kila mmoja na visikilizio vyake, kwenye kochi moja.

Mpwa wangu anaziogopa sauti hizo. Aliniuliza, wakati wa kunywa maji, kama kazi yake ina miaka mingapi iliyobaki. Nilitaka kumsimulia habari za Japani, ambako enzi za picha zisizo na sauti kila jumba la sinema lilikuwa na msimulizi wake, benshi, na watu walilipa kumfuata msimulizi kama wanavyomfuata mwigizaji. Kaka yake mwongozaji wa filamu Akira Kurosawa, Heigo, alikuwa mmoja wao. Picha zilipoanza kuongea zenyewe kazi ile ikafa, na mwaka 1933 Heigo akajiua. Nilimtazama kijana, kifua wazi, chupa ya maji mkononi. Nikamwambia ataoa kwa kazi hii, asiwe na wasiwasi.

Akarudi kwenye kiti. Sizoni ina sehemu kumi na sita na mwenye duka anaitaka Ijumaa, kwani ikichelewa siku moja mwenzake wa jirani atakuwa ameshaijaza kwenye flashi za wateja. Sehemu ya kumi na tatu ilikuwa inaishia. Mama mmoja, aliyemtupa mwanawe akiwa mchanga, amesimama nje ya hospitali na mvua inamnyeshea, na ndani ya jengo lile kuna binti mwenye kovu ambalo mama huyo analikumbuka. Mpwa wangu alikuwa amepunguza sauti mpaka nikainama kwenye ndoo yangu nisikie. "Miguu inakataa," alisema. "Miguu inamwambia, ulipomwacha hukutuuliza."

Umeme ukakatika. Kompyuta yake betri ilikufa zamani, ikazima palepale. Na dirisha lile lilivyozibwa, giza likatujaa.

Nikasubiri. Nje mtoto alikuwa anagonga kopo.

"Enhe," nikasema. "Akaingia?"

Mwanga wa simu ukawaka, ukamwonyesha kidevu.

"Sijui, mjomba," alisema. "Hiyo ya kumi na nne bado sijaitazama."