Kilichoharibu uhalisia wa Ingres ni sketi, si duara la nuru

WANAFUNZI wetu wa fasihi wakiulizwa maana ya uhalisia, wengi hujibu ati ni kusawiri mambo “jinsi yalivyo”. Basi hebu tuwape picha ya Jeanne d'Arc aliyoichora Mfaransa Jean-Auguste-Dominique Ingres mwaka 1854, ambayo imo katika makavazi ya Louvre, Paris.

Jeanne amesimama kando ya madhabahu katika kanisa kuu la Reims, siku ya kutawazwa kwa Mfalme Charles wa Saba, Julai 17, 1429. Amevaa deraya. Chuma chenyewe kimechorwa kwa subira ya mhunzi: kinang'aa panapostahili, kinafifia kwenye maungio, na mtazamaji anakaribia kuusikia ubaridi wake. Chapeo iko chini, miguuni pake. (Ingres naye yumo, nyuma yake, kajichora kama mtumishi wake wa silaha!) Kisha, kichwani mwa Jeanne, duara jembamba la nuru.

Je, uhalisia umevunjika? Wapo watakaosema ndiyo, kwani nani amewahi kukutana na mtu mwenye duara kichwani? Mimi sikubali. Duara lile halimuliki chochote, hata bega la chuma lililo karibu nalo. Ni alama, kama kiulizi katika sentensi: hakitamkwi, lakini kila msomaji anajua kazi yake. Linatuambia mchoraji alimwonaje Jeanne. Tena alilitangulia Kanisa Katoliki, ambalo lilimtangaza mtakatifu mwaka 1920, miaka 66 baadaye.

Kinachonikera ni sketi. Kuanzia kiunoni kushuka, msichana huyu wa vita amefunikwa kitambaa cha kike, cha heshima zake. Sasa, kuvaa mavazi ya kiume kulikuwa miongoni mwa mashtaka makuu dhidi yake. Alipoyavaa tena gerezani, alihesabiwa kuwa ameurudia uzushi, na Mei 30, 1431 akachomwa moto mjini Rouen, akiwa na umri wa miaka 19 hivi. Yaani vazi lililochangia kumtoa uhai ndilo mchoraji alilolificha. Duara tukiliona tunajua ni imani. Sketi tunaipokea kama historia, maana imechorwa kwa ustadi ule ule uliong'arisha chuma, na jicho wala halishtuki.