Namna ya Kupima Muziki wa Gemu

Waswahili wanaokwenda Ras Al Khor, Dubai, kutafuta magari wakipitia hifadhi ya ndege ya hapo, huona Burj Khalifa ng'ambo ya kinamasi chenye heroe. Chini ya jengo hilo iko chemchemi ambayo maji yake yamewahi kuchezeshwa kwa Baba Yetu, Sala ya Bwana kwa Kiswahili. Tuni ni ya Mmarekani Christopher Tin, aliyeitunga kwa ajili ya gemu ya Civilization IV (2005), na mwaka 2011 ikawa muziki wa kwanza wa gemu kupata Grammy. Hata hivyo, kazi ya namna hii haipimwi kwa tuzo. Hupimwa gemu ikichezwa, kwa mambo manne.

Marudio. Mchezaji huweza kukwama mahali pamoja saa nzima. Uache muziki uzunguke. Ukisikia pumzi ya mwimbaji imekatwa au mvumo wa ngoma umezimwa ghafla pale mwisho unapoungana na mwanzo, kazi haijakamilika.

Kuitikia. Katika Super Mario Bros. (1985), gemu yenye muziki wa Koji Kondo, saa ikishuka chini ya 100, tuni ileile huanza kukimbia na mchezaji huharakisha bila kuambiwa. Muziki bora hufuata mchezo, tena bila kukatika.

Nafasi. Mashine ya Kondo ilikuwa na sauti chache, na milio ya kuruka ilizigombania pamoja na tuni. Leo mtunzi ana okestra nzima, lakini nidhamu ni ileile. Je, hatua za adui zinasikika? Kisha zima muziki: gemu isipopungukiwa na kitu, muziki huo haukuwa na kazi.

Maneno. Hapa hakimu ni sisi wasemaji wa Kiswahili. Maneno ya Baba Yetu yalipangwa na Chris Kiagiri, nayo ni sala ambayo Mkristo wa Mombasa au Mwanza anaifahamu, si silabi za kubuni zenye mlio wa Kiafrika. Linganisha Talisman, kwaya ya Stanford iliyoimba kwenye gemu, na Soweto Gospel Choir katika albamu ya Tin ya 2009. Sikiliza ni wapi neno linatoka zima, na ni wapi linamezwa na wingi wa sauti.

Mtunzi chipukizi anayetafuta kazi asipeleke wimbo mtupu. Apeleke dakika kumi za gemu ikichezwa, muziki wake ukiwa ndani, maana ndipo ufundi wake unapoonekana.