Sifa za Eropleni Iundwayo Nyumbani

Katika kazi zote za ustadi ambazo mtu wa zama zetu anaweza kuzishika kwa mikono yake mwenyewe, pasipo kiwanda wala msimamizi, sijui iliyo na haki ya kusifiwa kuliko kuunda eropleni nyumbani. Na sababu yangu si kwamba chombo hicho hupaa, maana kupaa ni jambo ambalo kila mwenye nauli hulipata, bali ni kwamba yule aliyekiunda ndiye atakayeketi ndani yake. Mafundi wengi hukabidhi kazi yao kwa mnunuzi na kwenda zao, na kasoro iliyofichika humkuta mtu mwingine, mahali pengine, baada ya miaka. Huyu hana pa kuikimbia kasoro yake: ribiti aliyoigonga usiku akiwa amechoka itapanda naye juu, na itamsubiri huko.

Hapa Mabawe, katika vilima vya Ngara mkoani Kagera, eropleni ni kitu cha kutazamwa kikipita, na wengi wetu huamini kwamba hutoka kiwandani ikiwa nzima. Kwa hiyo yafaa nieleze kwanza jinsi kazi yenyewe ilivyo. Muundaji hununua makasha. Ndani yake mna mabati ya aluminiamu yaliyokwisha kukatwa na kutobolewa, mataruma ya mabawa yaliyokunjwa kwa kipimo, mifuko ya ribiti na parafujo, na vitabu vya michoro. Mtambo, rafadha na vyombo vya urubani hununuliwa baadaye, kadiri mfuko unavyoruhusu. Huko Marekani, ambako sanaa hii ina wafuasi wengi mno, Paul Poberezny aliwakusanya wapenzi wake katika chama mwaka 1953, mjini Milwaukee, na sheria ya nchi hiyo humtaka muundaji afanye yeye mwenyewe zaidi ya nusu ya kazi, kwa ajili ya elimu au burudani yake, ndipo chombo chake kikubaliwe kuwa kimeundwa nyumbani. Mwaka 1973 Richard VanGrunsven alianzisha kampuni yake katika jimbo la Oregon, na leo ndege zaidi ya 11,000 za michoro yake zimekwisha kuruka, nyingi zikiwa zimetoka katika gereji na mabanda ya watu wenye kazi nyingine za mchana.

Nitakaa kidogo katika jambo la ribiti, kwa kuwa ndani yake imo kazi nzima. Katika ndege za VanGrunsven ribiti nyingi ni za kugongwa, na mara nyingi kuzigonga kunahitaji watu wawili: mmoja yuko nje, ameelekeza nyundo ya upepo juu ya kichwa cha ribiti, wa pili ameingiza mkono ndani ya bawa, pengine pasipo kuona anachokifanya, naye amekandamiza kipande cha chuma kizito kwenye ncha ya upande wake. Kabla ya hapo tundu limekwisha kupitishwa kekee, makali yake yakakwanguliwa mbele na nyuma, mabati yakatenganishwa ili unga wa aluminiamu uondoke katikati, kisha yakarudishwa na kushikwa kwa vibanio vya muda hata matundu yote yakaelekeana. Wa ndani husema yu tayari, wa nje huitikia, nyundo hulia kwa kitambo kifupi kuliko pumzi moja, na ile ncha iliyosimama hupondeka ikawa kichwa kipya. Ribiti yenye unene wa milimita 3.2 ikigongwa sawasawa, kichwa hicho huwa na upana wa milimita 4.8 na kimo cha milimita 1.6. Iliyopungua haishiki, iliyozidi imepondwa kupita kiasi, iliyolala upande hutobolewa na kutolewa kwa hadhari kubwa, maana tundu likipanuka hasara imehama kutoka kwenye ribiti ikaingia katika bati. Na katika kazi hiyo, ambayo hurudiwa maelfu ya mara, mwenye kutoa hukumu ni yule asiyeonekana, kwa kuwa yeye ndiye anayekipapasa kichwa kipya na kusema kama kinafaa au hakifai. Nimesoma habari za mume na mke, na za baba na binti yake, walioifanya kazi hii jioni baada ya jioni, nami sishangai kwamba wengi wao huzikumbuka jioni hizo kwa mapenzi makubwa kuliko safari zilizofuata.

Bawa likisha kufunikwa, sehemu kubwa ya kazi hiyo haitaonekana tena na jicho la mtu. Hata hivyo fundi mwema hulipaka upande wa ndani rangi ya kuzuia kutu, hulainisha kingo ambazo hakuna atakayezigusa, na kuandika katika daftari lake tarehe na jambo alilolitenda, pamoja na picha. Mkaguzi atakuja, naam, naye atachungulia kwa taa katika vijidirisha vilivyoachwa kwa ajili yake. Lakini mkaguzi haoni ila kidogo, na kilichobaki ni amana kati ya mtu na dhamiri yake. Hiyo ndiyo ikhlasi ninayoisifu, kwa sababu hutendwa pasipo shahidi, na malipo yake ni usalama ambao mwenyewe hatausikia ukimpongeza.

Nchi yetu hii si mgeni wa kazi ya madini kufanyiwa katika ua wa mtu. Warongo wa Uzinza, pande za Biharamulo na Geita, walijulikana kwa kuyeyusha chuma zamani, kabla ya majembe ya viwanda vya Ulaya kuwanyang'anya soko. Na katika miaka ya 1970 wazee wa Kihaya walijenga upya tanuri la udongo mbele ya watafiti, wakavukuta, wakapata chuma kwa ujuzi ambao ulikuwa umelala muda mrefu tangu ujana wao.  Ninapowaza juu ya eropleni iundwayo nyumbani huwakumbuka wazee hao, na huona uchungu kwamba sisi wajukuu tumeridhika kuwa wanunuzi wa vitu tusivyovijua ndani yake.

Wako wasemao kwamba kuunganisha vipande vilivyokatwa na mwingine si uundaji, na kwamba fundi wa kweli ni yule anayebuni chombo chake tangu mwanzo. Ninaiheshimu hoja hiyo, na ninawaheshimu waliojaribu, kama Gabriel Nderitu wa Kenya, ambaye habari zake zilienea mwaka 2010 alipounda eropleni nyumbani kwake Nyeri kwa mtambo wa motokaa ya Toyota. Ushupavu wa namna hiyo si wa kuchekwa. Lakini anga haina upendeleo. Mfaransa Henri Mignet alitoa mwaka 1934 michoro ya kijieropleni chepesi ambacho aliamini kila mtu mwenye mikono angeweza kukiunda, na watu wakakiunda kwa shauku Ufaransa na Uingereza, mpaka vifo vilipofuatana na majaribio katika njia ya upepo yakadhihirisha kwamba, kwa jinsi mabawa yake mawili yalivyopangwa, chombo kikiinamisha pua kupita kiasi hakikuweza kuinuliwa tena. Waliokufa hawakuwa wavivu wala wazembe, walikosa hesabu. Fadhila ya makasha ni kwamba hesabu imekwisha kufanywa na mhandisi na kujaribiwa na marubani, na muundaji huachiwa sehemu ambayo mkono wake unaweza kuitimiza kwa haki.

Kwamba mikono hiyo yaweza kuwa ya vijana, hilo lilithibitika mwaka 2019, wanafunzi 20 wa Afrika Kusini walipoiunganisha ndege ya Sling 4 kwa muda wa majuma matatu hivi, katika mradi ulioanzishwa na msichana wa miaka 17, Megan Werner. Kisha marubani vijana wakaondoka nayo Cape Town, wakaelekea Cairo, na Zanzibar ikiwa miongoni mwa vituo vyao, wakafika. Sijui kwa nini habari ile haikusomwa katika kila darasa la nchi hii. Morogoro nako kampuni ya Airplanes Africa Limited imekwisha kuunda ndege ndogo za Skyleader, nami natamani vijana wa ufundi wa Kagera wapelekwe huko kutazama bati likigeuka bawa.

Nikirudi katika vilima vyetu, lazima niseme kwamba Ngara si mahali pepesi pa kuruka. Penye mwinuko wa mita 1,500 hewa imepungua uzito kwa takriban sehemu moja katika saba ikilinganishwa na pwani, hivyo mtambo wa kawaida hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho, rafadha hushika kidogo, bawa hubeba kidogo, na chombo hudai uwanja mrefu zaidi, hasa adhuhuri jua likiwa kali. Ndiyo maana Sling 4 ya aina ile hufungwa mtambo wa Rotax wenye kisukuma-hewa, usiochoka upesi kwa mwinuko. Na ndiyo maana muundaji wa nyanda za juu hana budi kuhesabu kila ratili anayoiongeza, hata rangi. Chombo kikikamilika hupimwa juu ya mizani tatu, moja chini ya kila gurudumu, ili ijulikane uzito umekaa wapi. Kisha hujaribiwa saa nyingi mbali na makazi ya watu, rubani akiwa peke yake, na kwetu hakuna hata moja ya hayo pasipo idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Gharama ni kubwa, sikatai, na njia ya kutoka bandari ya Dar es Salaam hata huku ni ndefu. Lakini wauzaji wengi huuza chombo sehemu kwa sehemu, na desturi ni kuanza na mkia, ambao ni mdogo, nao humfundisha mtu karibu kila kazi atakayoikuta katika mabawa. Chumba kimoja chenye mlango mpana huutosha. Watu wawili au watatu wakichangiana, na mmoja wao akiwa na kekee, tupa nzuri na meza iliyonyooka kweli kweli, wanaweza kuanza nao hapa hapa Mabawe.